Ukoka mbele ya nyumba: kifuniko cha ardhi kwa sisi wa Garsen

Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea kutoka Ngao, Juni 2024, alinikuta nimepiga magoti mbele ya nyumba nikipanda nyasi. Alisimama kimya kwa muda, kikapu cha ndizi bado kichwani, kisha akauliza, "Mwanangu, huo si ukoka?" Nikamjibu, "Ndio mama, ni ukoka." Akatua kikapu, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Ujana wake wote ameumaliza shambani akiung'oa ukoka, na leo mkwewe anaupanda kwa mkono, kipande baada ya kipande, na maji anaumwagilia.

Nimeulizwa swali hilo na watu wengi tangu siku ile, wengine kwa mzaha na wengine kwa sababu wanataka kufanya vivyo hivyo. Makala haya ni jibu langu kwao. Lakini pia nina jambo jingine la kusema, kuhusu mmea wa maua ya njano ambao umeanza kuingia katika viwanja vyetu kutoka hoteli za Malindi. Yote mawili yanakwenda pamoja.

Anayeishi bonde la Tana anajua maji ya mwaka 2023 yalivyokuja. Mvua za Novemba zilikatiza barabara ya kwenda Lamu pale Lango la Simba, watu wakavushwa kwa mashua, na sisi tulio upande wa chini wa mji tukahamia kwenye mahema. Kabla hatujatulia, Aprili na Mei 2024 maji yakarudi. Tuliporudi nyumbani kiwanja kilikuwa si kile tulichokiacha. Upande mmoja maji yalikuwa yamekwangua udongo mpaka msingi wa nyumba ukawa wazi, mkono mzima unaingia chini yake. Upande wa pili yalikuwa yameacha tope la mto, laini kama unga. Tope hilo likiwa bichi ni utelezi, likikauka ni vumbi. Vumbi la Garsen silihitaji kulieleza. Linaingia kwenye sufuria, kwenye neti ya mbu, kwenye macho ya watoto. Mdogo wetu alikohoa mfululizo, na muuguzi alipomtazama aliuliza kwanza, kabla ya swali lolote, kama uwanja wetu una nyasi.

Sehemu moja tu ya kiwanja haikukwanguliwa: kona tunapoanika nguo. Hapo palikuwa na ukoka uliojiotea wenyewe, haukupandwa na mtu, na maji ya suuza yalikuwa yakimwagwa hapo kila siku. Maji ya mto yalisimama juu yake kwa wiki kadhaa. Yaliposhuka, ukoka ulikuwa umelala, umefunikwa tope, rangi yake kama majani ya chai yaliyochujwa. Nilidhani umekufa. Baada ya siku kumi hivi ncha za kijani zilitoboa lile tope, na udongo chini yake ulikuwa pale pale ulipokuwa. Hapo ndipo nilipopata akili ya kupanda.

Kwa nini mmea wa kutandaa, si maua ya kusimama au miti peke yake? Kwa sababu ya nyoka, kwanza. Kichaka karibu na mlango, Garsen, ni kumwalika mgeni usiyemtaka. Mmea unaofaa mbele ya nyumba ni ule usiozidi kifundo cha mguu. Pili, ni lazima uwe wa kudumu, usiotaka kupandwa upya kila msimu, maana mvua yetu ni chache na haina ahadi. Mto unaweza kufurika bila tone kuanguka hapa, kwa kuwa maji yake yanatoka Mlima Kenya na Aberdare, na mwaka unaofuata ukaomba mvua usiipate. Kwa hiyo mmea wetu lazima uvumilie mambo mawili yasiyopatana: kuzama na kukauka. Tatu, usitake kazi nyingi. Nina duka, nina mbuzi sita, sina muda wa kubembeleza bustani.

Jirani yangu, mtu mwema sana, alikuwa na shida kama yangu na alitafuta jibu kwingine. Ana kijana anayefanya kazi ya bustani katika hoteli moja huko Malindi. Kijana akamletea gunia la vipande vya mmea unaotambaa, wenye majani ya kung'aa na maua ya njano kama alizeti ndogo. Jina lake la kitaalamu ni Sphagneticola trilobata; wenye bustani huuita wedelia. Nakiri ni mzuri. Ndani ya miezi michache ulikuwa umefunika upande mzima wa nyumba yake, kijani kibichi, maua hayakatiki. Mke wangu aliuona akaniuliza kwa nini sisi tunahangaika na majani ya ng'ombe.

Asili ya wedelia ni Amerika ya kitropiki. Imepelekwa sehemu nyingi za dunia kwa sababu ileile tuliyoipendea, kwamba inafunika ardhi haraka na haitaki matunzo. Leo imo katika orodha ya viumbe 100 wavamizi wabaya zaidi duniani iliyotolewa na shirika la IUCN. Haitegemei mbegu ili kuenea. Kila fundo la shina lake likigusa udongo wenye unyevu linatoa mizizi. Kipande cha urefu wa kidole kikikatika ni mche mpya. Katika hoteli ya Malindi, penye ukuta na mtunza bustani mwenye mshahara, hilo si neno. Hapa kwetu, mara moja katika miaka michache mto unaingia uani, unabeba kila kilicholegea na kukipeleka mashambani, kwenye majaruba ya mpunga na kwenye malisho.

Mtu atasema, Garsen ni kavu, wedelia itajifia yenyewe kiangazi. Juu kule barabarani labda ni kweli. Lakini kando ya mto, kwenye mabwawa na mikondo ya zamani ya Tana ambako unyevu haukatiki, hakuna kitakachoizuia. Na malisho katika delta hii si jambo la kuchezea. Mwaka 2012 damu ilimwagika hapa kati ya wakulima na wafugaji, na tunaoishi hapa hatuhitaji kukumbushwa kilichokuwa kikigombaniwa. Mwaka huohuo wa 2012 delta ya Tana iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Nyasi za delta ndizo akiba ya ng'ombe wa Waorma na Wardei nyanda za juu zinapokauka. Ukizifunika kwa kitu ambacho si malisho, umekata riziki ya mtu.

Tena tulishaonywa, kwa mathenge. Mti ule ulikuja na sifa hizi hizi: kijani mwaka mzima, hautaki maji, hautaki matunzo. Mbegu zake zilipandwa kwanza karibu na Mombasa mwaka 1973, kufufua machimbo ya mawe ya saruji pale Bamburi, na kazi hiyo iliifanya. Miaka ya 1980 ukapandwa Bura na Hola, katika miradi ya umwagiliaji, ili familia zilizohamishiwa huko zipate kuni na upepo upunguzwe nguvu. Nia ilikuwa njema. Kisha mbuzi na ng'ombe wakala maganda yake matamu, wakabeba mbegu tumboni, na mafuriko yakabeba zilizobaki. Leo unatoka Hola mpaka huku chini ukiuona umeziba njia za mifugo na kingo za mto. Baringo wananchi waliishtaki serikali, wakamfikisha mbuzi mahakamani, meno yameng'oka kwa kula maganda hayo. Mwaka 2008 serikali ikautangaza kuwa magugu hatari. Sisemi hauna faida. Mkaa wake unalisha nyumba nyingi Bura. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyeulizwa kabla haujapandwa, na hakuna anayeweza kuurudisha ulikotoka.

Basi turudi kwenye ukoka.

Ukoka, Cynodon dactylon, ni wa hapa. Asili yake inahesabiwa kuwa Afrika na nchi jirani za Dunia ya Kale, na ng'ombe na viboko wamekuwa wakiula kandokando ya mto huu tangu zamani. Wamarekani wanauita nyasi za Bermuda, kana kwamba ulizaliwa kisiwani kule, na hununua aina zake zilizoboreshwa kwa ajili ya viwanja vya gofu na mpira. Wahindi wanauita durva na kuutumia katika ibada zao. Sisi tunao bure na tunautukana.

Nguvu yake iko katika mashina ya namna mbili. Yapo yanayotambaa juu ya ardhi, yakitoa mizizi kila fundo, na yapo yanayopita chini ya ardhi, meupe, yenye ncha ngumu kama sindano ya kushonea magunia. Hayo ya chini ndiyo yanayoulinda. Jua likichoma majani yote, shina la chini linalala likingoja. Maji yakisimama juu yake, linangoja vilevile. Unavumilia chumvi kiasi, na hilo ni muhimu kwa wenzetu wa Ozi, Kilelengwani na Kipini, ambako mto ukipungua bahari hupanda na kuingia mashambani. Kitu kimoja ambacho hauvumilii ni kivuli kizito. Chini ya mwembe mkubwa usijisumbue. Utaota nyuzi tatu nyembamba na kufa. Hapo acha majani makavu ya mwembe yalale, nayo ni kifuniko.

Kabla ya kupanda, hakikisha unachookota ni ukoka. Watu wengi wamepanda ndago wakidhani ni ukoka, na hilo ni kosa la kulia nalo miaka kumi. Shina la ndago ukilizungusha kati ya vidole lina pembe tatu, na chini lina vijikokwa vyeusi. Shina la ukoka ni la mviringo, bapa kidogo, na ua lake ni vidole vitatu mpaka sita vilivyotoka sehemu moja, kama mguu wa ndege. Chukua vipande pale mifugo inapopita na kulisha sana, kando ya njia ya kwenda mtoni kwa mfano, kwa sababu ukoka wa hapo umezoea kukanyagwa, una majani mafupi na mafundo yaliyokaribiana. Ule mrefu wa kwenye mtaro wenye maji una mafundo ya mbali, nao unachelewa kufunga. Suuza mizizi kwenye ndoo kabla ya kuuleta nyumbani. Mimi nilipuuza hatua hiyo kwa gunia la kwanza, na mpaka leo nang'oa ndago upande wa jikoni kila Jumamosi.

Wakati mzuri wa kupanda hapa si lazima uwe mwanzo wa mvua. Wazee wa Kipokomo hupanda mazao yao maji ya mto yakishashuka, tope likiwa bado na unyevu, na mimi nimefuata njia yao. Juni, baada ya mafuriko, ule udongo uliokuja na mto una rutuba na ni laini kuchimba. Usipopata mafuriko, ngoja mvua za Aprili au za Novemba. Ukipanda Januari au Februari utapigana na jua na litakushinda.

Udongo wetu wa asili, ule mweusi wa mfinyanzi, una tabia zake. Ukiwa umelowa hauchimbiki, unang'ang'ania jembe kama ulimbo. Ukikauka unapasuka nyufa ambazo simu inaweza kutumbukia, na ya kijana wangu ilitumbukia. Kuna siku mbili tatu katikati, ukiwa na unyevu bila kuwa tope, hizo ndizo siku za kazi. Katua juu juu tu, kina cha kiganja. Changanya samadi ya mbuzi iliyooza, iliyokaa angalau miezi michache. Ile mbichi itakuletea magugu yote ambayo mbuzi wamekula. Sawazisha uwanja uwe na mteremko mdogo kutoka nyumbani, ili maji ya mvua yasirudi ukutani. Na acha ukanda wa futi moja kati ya ukuta na nyasi, ujaze kokoto au vigae vilivyovunjika. Ukanda huo unakuonyesha njia za mchwa mapema, na nyoka hapendi kupita mahali peupe.

Kata vipande vyenye mafundo matatu au manne, kama urefu wa kiganja. Toboa mstari kwa ncha ya panga, zika mafundo mawili, acha ncha ipate hewa, kisha kanyaga kwa kisigino. Kati ya kipande na kipande acha sentimita 20. Kwa hesabu hiyo kila mita ya mraba inakula vipande 25, na uwanja wa mita 10 kwa 6 unahitaji vipande 1,500. Usiogope idadi. Gunia mbili zilizoshindiliwa zilinitosha, na watoto wa shule walikata kwa siku moja ya Jumapili kwa malipo ya mandazi.

Maji ndiyo mtihani. Kipande kipya kinataka kulowa kila siku kwa wiki mbili za mwanzo, kama lita 5 kwa kila mita ya mraba ikiwa mvua hakuna. Kwa uwanja wa mita 60 za mraba hizo ni lita 300, mitungi 15 ya lita 20, kila siku. Garsen ni nani mwenye mitungi 15 ya kumwaga chini? Kwa hiyo usipande uwanja mzima kwa mkupuo. Nilianza na ukanda wa mita 3 kwa 4 mbele ya mlango, mitungi mitatu kwa siku. Ulipofunga, nao wenyewe ukaanza kutambaa kwenda mbele, nami nikawa nautangulia kwa kulainisha udongo. Maji ya suuza ya nguo na ya kuoshea mchele yanafaa sana. Maji ya kwanza ya kufulia, yenye sabuni nyingi, usiyamwage mahali pamoja kila siku. Mfinyanzi wetu ukilishwa magadi ya sabuni unakuwa mgumu kama kigae.

Baada ya wiki tatu utaona vitawi vinatambaa. Miezi miwili mpaka mitatu, kwenye joto letu, ardhi itakuwa imefunikwa. Katika muda huo usiruhusu mbuzi. Wangu walivunja uzio wa miiba siku ya 20 wakala ukanda wote mpaka chini. Uliota tena, lakini nilipoteza mwezi. Ukishashika mizizi, mbuzi ndio mashine yako ya kukatia. Wawili kwa saa moja asubuhi wanatosha, nami fyekeo nalishika mara tatu au nne tu kwa mwaka, mvua zinapokolea. Usiuache urefuke na kutoa maua mengi ikiwa nyumbani kuna mtu wa pumu au mafua ya mzio, maana chavua ya ukoka inawasumbua watu wa namna hiyo. Mbolea ya dukani sijawahi kuutia.

Sasa niseme ukweli kuhusu hilo neno "kijani mwaka mzima". Februari na Machi, kama vuli ilikuwa haba, ukoka usiomwagiliwa unageuka rangi ya kaki. Haujafa. Bado umefunika ardhi, bado unashika vumbi, na mvua ya kwanza ikinyesha unarudi ndani ya wiki moja au zaidi kidogo. Ule wa mbele ya mlango, unaopata maji ya suuza, haujawahi kuacha kuwa kijani tangu nilipoupanda. Anayetaka kijani cha picha ya kalenda kwenye kiwanja kizima bila tone la maji, mmea huo Garsen haupo, na anayekuuzia kwa maneno hayo anakudanganya.

Kwa sehemu zenye unyevu wa kudumu, kama penye mfereji wa bafu, nimeuchanganya ukoka na mmea mwingine wa hapa hapa. Utauona kwenye kingo za maji na mabonde yanayofurika: unatambaa, majani madogo yenye meno kwenye ncha, na kiua kidogo cha rangi nyeupe na zambarau kinachosimama kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Wataalamu wanauita Phyla nodiflora. Haupiti kimo cha kidole, unakaa kijani hata ukoka unapokauka, na unapandwa kwa vipande vilevile. Nyuki wanaupenda, kwa hiyo usiuweke mahali watoto wanapocheza pekupeku. Mmea huu una ndugu yake wa Amerika ya Kusini, Phyla canescens, aliyepelekwa Australia kama mmea wa bustani. Huko maji ya mafuriko yalibeba vipande vyake mpaka mabonde ya mito ya Murray na Darling, na leo umefunika malisho mapana ambayo ng'ombe hawana la kula juu yake. Wafugaji wa huko wanaulaani kama tunavyoulaani mathenge. Nao nyumbani kwao Amerika ya Kusini ni mmea tu kama mimea mingine.

Nirudi kwa mama mkwe, kwa sababu kicheko chake kilikuwa na haki. Ukoka ukiingia shambani ni adui. Ukipanda mbele ya nyumba na bustani ya mchicha iko nyuma, ni lazima uweke mpaka. Nimechimba mtaro wa kina cha sentimita 30 kati ya nyasi na mboga, nikasimamisha humo vipande vya mabati ya zamani, na kila wiki mbili napita na panga kukata vitawi vinavyojaribu kuruka. Mama alinifundisha jambo ambalo sikulijua: ukoka ulioingia shambani usiulime kwa jembe udongo ukiwa na unyevu, maana kila kipande unachokata unakipanda. Ngoja kiangazi, fukua mashina ya chini kwa uma au kwa mikono, yaache juani juu ya udongo mkavu mpaka yavunjike kama vijiti vya kuwashia moto. Kisha panda kunde kwa kusongamanisha. Kivuli cha kunde kinamaliza yaliyobaki. Yeye amefanya hivyo miaka 40 na mpunga wake unaonekana. Kama kiwanja chako ni kidogo na chote ni shamba la mboga, basi ukoka haukufai; tandaza majani makavu au panda viazi vitamu, ule na majani yake.

Jirani yangu nilikwenda kuzungumza naye Agosti, baada ya kusikia kwamba watu wa Minjila walimwomba vipande vya wedelia. Nilimkuta barazani. Nilimweleza haya niliyoyaandika, kuhusu mto na kuhusu mathenge, kwa upole, kwa kuwa mtu hapendi kuambiwa bustani yake ni hatari. Alinyamaza, akaniuliza, "Kwa hiyo nikiung'oa, nibaki na vumbi?" Nikamwambia nitamletea gunia mbili za ukoka na tutapanda pamoja. Akakubali upande wa mbele. Upande wa nyuma, unaoelekea kwenye mtaro wa maji, alitaka kuuacha kwa sababu mama watoto anayapenda yale maua. Ilichukua wiki nyingine mbili na sahani moja ya pilau kumshawishi mama watoto.

Kwa wenye wedelia wanaotaka kuiondoa, kazi ni ya mkono. Kuikata juu haisaidii. Lowesha udongo jioni, kesho yake vuta kuanzia ncha kurudi kwenye mzizi ili mashina yasikatike, kisha chambua udongo kwa vidole kutafuta vipande vilivyobaki. Rudia kila wiki mbili kwa miezi mitatu. Usiitupe jalalani, usiitupe mtoni, usiwape watu wa boda wakatupe njiani. Usiiweke kwenye shimo la mbolea, itaota humo. Tandaza juu ya mabati au turubai juani mpaka ikauke kabisa na kuvunjika mkononi, ndipo uichome.

Tulitoa gunia saba nyuma ya nyumba ya jirani. Tano tumeshachoma. Mbili bado ziko juu ya paa la banda langu la mbuzi, na jana nilipopanda kuzigeuza nilikuta, katikati ya rundo ambako jua halijafika, shina moja bado kijani na lina mzizi mpya.